Wali wa Mombasa Unaopikwa Bunia

Mimi ni mlaji, na sioni haya kulisema. Wenzangu wakirudi safarini simu zao zimejaa picha za majengo. Yangu imejaa sahani. Kampala naijua kwa kona wanakokaanga chapati za mayai, Arua naijua kwa kuku wa mchuzi wa karanga. Ninauza vyombo vya jikoni katika soko la Bunia, kwa hiyo safari ni kazi yangu, lakini kusema kweli tumbo ndilo linalopanga njia na biashara inafuata nyuma.

Ugonjwa huu niliurithi kwa baba. Ndivyo nilivyoamini mpaka nimekuwa mtu mzima mwenye watoto.

Baba alikuwa msindikizaji wa mizigo. Tajiri wake alikuwa na duka la nguo hapa mjini, na bidhaa zake zilishukia bandari ya Mombasa. Baba alikuwa anatumwa kuzingojea kule, anazipakia kwenye lori, halafu anarudi nazo pole pole kupitia Kampala na Mahagi mpaka Bunia. Alikuwa anapotea muda mrefu hata mdogo wetu akimwona analia na kujificha nyuma ya mama. Akifika tu, mama alikuwa anafungua mfuko wake na kutoa kasufuria kadogo kasikokuwa na mkono, keusi kwa masizi ndani na nje, na kwenda kukasugua nyuma ya nyumba kwa majivu na mchanga huku akilalamika. Sisi watoto tulikuwa tunakaa miguuni pa baba. Watoto wa jirani waliuliza wazazi wao wamewaletea nini. Sisi tuliuliza:

"Baba, ulikula nini?"

Naye alituambia. Baba hakuwa msemaji wa mambo mengine. Kuhusu siasa alinyamaza, kuhusu kazi alijibu neno moja. Lakini chakula alikisimulia mpaka tukameza mate. Nyama ya kuchoma ya njiani, mikate ya maji, samaki wa kukaangwa na ndimu. Na juu ya vyote, wali wa Mombasa. Mweupe, alisema, kila punje imesimama peke yake, na harufu yake inavuka barabara na kukukuta ulipo.

"Banaupika na maziwa," alituambia. "Nimeona na macho yangu. Mama mumoja anamimina maziwa ndani ya sufuria sawa vile anamimina maji."

Mama yangu ni mtoto wa wafugaji. Kwao maziwa yalinywewa, yakagandishwa, yakasukwa siagi, na mgeni asiyepewa maziwa alijua hatakiwi. Habari kwamba watu wa mbali wanapika wali kwa maziwa haikumshangaza hata kidogo. Ilimchokoza. Noeli iliyofuata aliagiza maziwa kwa kaka zake wanaochunga ng'ombe nje ya mji, nao wakayaleta alfajiri katika bidoni lililofungwa kwenye baiskeli, bado yana joto. Mama akachukua mchele wa Komanda, akauosha, akauweka juu ya makaa machache, akamimina maziwa kidogo kidogo, chumvi, na mwishoni kijiko cha mafuta ya ng'ombe. Kazi hiyo haina mzaha. Ukigeuza macho maziwa yanapanda na kumwagika, ukizidisha moto chini panaungua na sufuria nzima inanuka moshi. Kwa hiyo mama alisimama. Kanisani tulikwenda bila yeye.

Ulikuwa mtamu, wali ule. Ulikuwa na uzito, na harufu ya mafuta ya ng'ombe, na chini ulifanya ukoko wa rangi ya kahawia ambao mimi na ndugu zangu tuliugombania mpaka tukapigwa. Mezani kulikuwa na sombe, majani ya muhogo kwa mawese, na mbuzi, na ndizi za makemba, na samaki wa kukaushwa kutoka Mahagi-Port, lakini wali wa maziwa ndio uliotawala. Tukauita wali wa Mombasa, na tangu siku ile hakuna Noeli iliyopita nyumbani kwetu bila huo.

Wala hakuna Noeli iliyopita bila swali la mama. Alimpakulia baba wa kwanza, akabaki amesimama na mwiko mkononi. Baba alionja, akafumba macho, akainua uso kuelekea bati la nyumba kana kwamba jibu limeandikwa pale.

"Sema sasa," mama alimwambia. "Hii inafikia ile ya kule?"

Na baba, kila mwaka, neno lile lile:

"Inakaribia."

Tulicheka. Hata mama alicheka. Alisema huko Mombasa baba ana mwanamke anayempikia, na akampa cheo kabisa, akamwita mbanda wangu, jinsi tunavyomwita mke mwenza hapa kwetu. Akikosa chumvi dukani, mbanda amemwibia. Baba akichelewa safarini, mbanda amemfungia mlango. Ukawa utani wa nyumba nzima. Lakini mimi, kwa kuwa nilikuwa mkubwa na nilimsaidia kuosha vyombo, nilimwona mama baada ya ile "inakaribia" ya baba. Uso ulikuwa unamshuka. Mwaka uliofuata aliongeza mafuta, mwaka mwingine akapunguza maji, mwaka mwingine akabadilisha mchele. Alikuwa mpishi ambaye watu wa mtaa mzima walimwita kwenye harusi zao, na alikuwa anapikia jikoni kwake akishindana na mtu asiyemwona. Alitaka kuambiwa mara moja tu kwamba imefikia. Baba aliacha safari, akazeeka, mwili ukaanza kumlemea, na mama bado alikuwa anauliza.

Mwaka juzi biashara ilinifikisha Mombasa mwenyewe. Vyombo vya Kampala vilikuwa vimepanda bei, mwenzangu mmoja akaniambia twende tukanunue kule vinakoshukia. Nikakubali kabla hajamaliza kusema, na yeye alidhani ni kwa ajili ya sufuria.

Siku ya kwanza tu nilitafuta hoteli ndogo karibu na mahali malori yanaposimama. Niliagiza wali na samaki. Ukaja, mweupe, kila punje imesimama, harufu yake kama alivyosema baba. Nikatia mdomoni, nikafumba macho.

Haukuwa na maziwa.

Ulikuwa mtamu, sikatai. Mtamu wa kukufanya ukae vizuri kwenye kiti. Lakini utamu wake ulikuwa mwepesi, una kitu cha tunda ndani yake. Mtoto wa mtoto wa wafugaji hawezi kudanganywa kuhusu maziwa. Nikamwita mama mpishi, mnene, mchangamfu, nikamuuliza ng'ombe wao wanakula majani gani.

"Ng'ombe?" alisema. "Ng'ombe wa nini, dada yangu? Hilo ni tui. Ni nazi."

Akanivuta hadi nyuma anionyeshe. Sisi Bunia nazi tunaijua kidogo tu, tunaiita kokoti, vipande vyake vinauzwa sokoni siku moja moja na watoto wanavitafuna kama peremende. Sikuwahi kufikiri inaingia katika sufuria. Yule mama aliikuna, akaiminya katika kitambaa, na kikatoka kitu cheupe, kizito, ambacho ukikiona kwa mbali utaapa kimetoka kwenye chuchu ya ng'ombe sasa hivi.

Ukikiona kwa mbali. Maneno hayo yalinikaa kichwani. Nilipolipa nilivuka barabara, mahali penye ukuta ambapo wanaume wa malori walikuwa wamekaa chini wakingoja, nami nikageuka nikaangalia nilikotoka. Kutoka pale niliona mlango wa jiko, mikono ya yule mama, na kitu cheupe kikimiminwa katika sufuria. Harufu ilinifuata mpaka pale pale. Nikaelewa baba yangu alikuwa amekaa wapi.

Nilikasirika, tena sana. Mtu aliyekula wali ule hata kijiko kimoja hawezi kusema ni wa maziwa, na baba alikulia kwenye maziwa kama mama. Kwa hiyo hakuula. Na kama hakuula, ile "inakaribia" ya miaka yote aliitoa wapi, huku mama amesimama na mwiko? Njia nzima ya kurudi nilikuwa nagombana naye peke yangu katika basi. Lakini nilinunua nazi, nikanunua na kibao chao cha kukunia. Mpakani Mahagi afisa alizishika nazi moja moja, akazitikisa sikioni, akaniuliza kama Bunia tumeishiwa na vyakula.

Nilifika siku chache kabla ya Noeli. Baba alikuwa amekaa nje kwenye kiti chake, anaota jua. Niliweka mfuko mbele yake akaufungua kwa furaha ile ile ya zamani, safari hii yeye ndiye mtoto.

"Kokoti," alisema. "Umeleta kokoti mingi hivi ya kufanya nini?"

"Ya kupika muchele, baba."

"Muchele gani?"

"Ule wa Mombasa."

Aliigeuza nazi mkononi. Aliigeuza tena. Kisha akatazama mlango wa jiko, ambako mama alikuwa anatwanga sombe, akateremsha sauti.

"Njo kile kilikuwa cheupe?"

"Njo hicho, baba." Ndicho chenyewe.

Nilikuwa nimejitayarishia maneno makali, na yote yakanipotea. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeuliza swali moja tangu ujana na leo amepata jibu. Akaniambia yote, kwa sauti ndogo, mimi nimechuchumaa karibu ya goti lake.

"Mama yako aliniapishaka. Siku zile batu walikuwa nasema kule safarini kuko sumu, usikule kwa mutu haujue. Akanitilia unga ya mihogo, samaki ya kukauka, na kale kasufuria. Nikaapa. Sasa miye nilikuwa napika bugali yangu pembeni ya lori, na harufu ya ule muchele inakuja inanipiga. Kila siku. Nilikuwa nakula bugali na natazama."

"Sasa juu ya nini ulituambia ulikula?"

"Mulikuwa nauliza, baba ulikula nini, baba ulikula nini. Miye ningesema nini? Nimetembea mpaka mwisho wa njia, nimekula bugali?"

Nilicheka, siwezi kudanganya. Lakini nilimuuliza pia kuhusu "inakaribia", na hapo yeye hakucheka.

"Nikisema imepita, ataniuliza imepita namna gani. Sikujua kitu cha kusema. Halafu akaanza kusema mbanda, mbanda, batu wanacheka. Ikanishinda kurudi nyuma." Akairudisha nazi ndani ya mfuko. "Ukiipika, mama yako ataniuliza."

Nilimwambia naweza kuwapa watoto nazi zote wazitafune, mambo yaishe. Nilisema hivyo kwa kuwa ninampenda. Lakini moyoni sikutaka. Nilimwona mama na sahani chafu mkononi, na uso wake ulioshuka, na nikaona si haki mwanamke azeeke hivyo akidaiwa kitu na kivuli. Na hata hivyo tulikuwa tumechelewa, kwa maana mama alikuwa amesimama mlangoni na mchi.

"Hiyo njo vitu vya mbanda wangu?" aliuliza. Alikuwa amesikia neno Mombasa tu. "Utapika. Nataka nionje mukono yake mbele nikufe."

Siku ya Noeli tulipika bega kwa bega, yeye na maziwa yake, mimi na nazi zangu. Wajukuu waligombania kukaa juu ya kibao cha kukunia mpaka mmoja akakuna kidole. Mama hakuacha kunichungulia. Nilipoiminya nazi katika kitambaa na kile cheupe kikatoka, aliacha mwiko wake, jambo ambalo sijawahi kuliona, maziwa yakiwa motoni.

"Kumbe haiko maziwa," alisema.

"Haiko maziwa, mama."

Alifikiri. Nilingoja aseme lolote, kwamba baba ni mwongo, kwamba alikuwa kipofu. Alirudi kwenye sufuria yake, maziwa yalikuwa yanaanza kupanda, akapuliza juu yake.

"Baba yenu hajuaka mambo ya jikoni," alisema. "Mwanaume anakula tu, haulize."

Alikuwa bado anaamini baba alilishwa na mbanda. Hilo liliniuma kuliko yote.

Baba siku ile alikuwa nje muda wote. Alizunguka kuku, akakagua ua, akampa ndizi mbuzi wa jirani. Tulipomwita mezani alisali sala ndefu ambayo ilimtaja kila mtu, walio njiani, walio wagonjwa, wenye mashamba Marabo waliokimbia na hawajarudi kulima, mpaka mjukuu mmoja akasema amina kabla ya wakati.

Mabakuli mawili ya wali yalikuwa katikati ya meza, meupe yote mawili. Mama alichukua mwiko mwenyewe. Akampakulia baba ule wa nazi, peke yake, bila mchuzi, akabaki amesimama kama miaka yote.

Baba alitia kijiko mdomoni. Hakufumba macho. Hakutazama bati. Alitafuna taratibu sana, akameza, akachukua kijiko kingine. Alikuwa amengoja kuonja kitu kile tangu nywele zake zikiwa nyeusi.

"Sasa sema," mama alisema. "Njo ile? Ya kwangu inaifikia?"

Nilitazama sahani yangu. Kama angesema "inakaribia" hata siku ile, nafikiri ningeondoka mezani.

"Mama," baba alisema, "miye sijue. Ile ya kule sikukulaka ata siku moja. Ni leo njo naionja."

Mmoja wa wajukuu, yule wa kidole, aliuliza tulichokuwa tunauliza sisi zamani, akimwita koko, jina ambalo kwetu ni la babu na la bibi pia:

"Sasa koko, ulikuwa nakula nini?"

"Bugali ya koko yako," baba alimjibu, lakini alikuwa anamtazama mama. "Aliniapisha nisikule kwa batu. Sikukula. Nilikuwa nakaa ngambo ya barabara na kasufuria yangu, nasikia harufu."

Mama aliweka mwiko chini. Alikaa, yeye ambaye huwa hakai mpaka watu wote wameshiba.

"Njo juu ya ile, kasufuria ilikuwa inarudi nyeusi," alisema.

"Njo juu ya ile."

"Miye nilisema ulivunja kiapo, na bado nilikuwa naisugua mpaka vidole vinaniuma. Najiuliza, huyu mbanda anapika na sufuria ya mume wangu?" Akavitazama vidole vyake. "Kumbe hakuna mbanda."

"Hakuna, mama. Hakukuwaka."

Sikujua kama atalia au atamrushia bakuli. Alivuta sahani ya baba mbele yake, akachukua kijiko cha baba, akachota wali wa nazi, akautia mdomoni. Alifumba macho. Aliinua uso kuelekea bati na kukaa hivyo kitambo, na sisi sote tulikuwa tunamtazama koo lake.

"Inakaribia," alisema mama.

Kisha akaisukuma sahani ile upande wa watoto, akachukua safi, akampakulia baba wali wa maziwa mpaka ikajaa, na ukoko akauweka juu.